Nafuu ya mafuta ilikwenda kwa nani? Uchambuzi wa kisa cha boti za umeme Lamu

Kisa hiki kinahusu mradi uliogharamiwa kwa fedha za umma ili baadhi ya boti za abiria kisiwani Lamu ziache petroli na kutumia injini za umeme. Mwandishi alikuwa katika timu ndogo iliyopewa kazi ya kupima matokeo ya awamu ya kwanza kabla fedha za awamu ya pili hazijatolewa. Jina la mradi, hazina iliyougharamia, idadi ya boti, kiasi cha fedha na miaka vimeondolewa, na sifa za baadhi ya wahusika zimebadilishwa ili wasitambulike. Mfuatano wa mambo na sababu za maamuzi haukuguswa.

Usuli

Mji wa Lamu, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, umejengwa kwa vichochoro ambavyo gari haliwezi kupita, na hata leo mizigo mingi hubebwa na punda au mikokoteni. Anayetoka bara hushuka Mokowe akavuka kwa boti, na anayekuja kwa ndege hutua kisiwa cha Manda akavuka vilevile. Wafanyakazi wa hoteli na wa majumba ya wageni huenda kijiji jirani cha Shela na kurudi kila siku. Mgonjwa anayetoka Faza, Siyu au Kizingitini, katika kisiwa cha Pate, hukaa baharini muda mrefu zaidi kuliko hao wote, tena kwa kufuata maji, kwa kuwa mlango wa Mkanda baina ya Manda na bara una kina kifupi na umewazoesha manahodha kuangalia bahari kabla ya kuangalia saa. Mtu wa Lamu akizungumzia usafiri wa umma, aghalabu anazungumzia boti.

Sababu ya kuziendea boti hizo ilikuwa nzuri. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ya ukaa, na injini za zamani zinazochanganyiwa oili na petroli hutema sehemu ya mafuta bila kuyaunguza, yakaishia majini mbele ya mji. Mji wa Lamu ulioishi miaka mingi kwa jenereta za dizeli sasa umeunganishwa na gridi ya taifa, na karibu asilimia 90 ya umeme wa gridi hiyo hutokana na jotoardhi, maji, upepo na jua. Betri inayochajiwa mjini Lamu, kwa hiyo, inapunguza moshi kwelikweli. Betri inayochajiwa Faza, ambako umeme wa kijiji umetegemea kituo cha dizeli, haina sifa hiyo, na jambo hili litarudi mbele.

Ili kuelewa kilichotokea ni lazima pia kujua jinsi mapato ya boti yanavyogawanywa. Nahodha na utingo wengi hawana mshahara. Jioni mapato huhesabiwa, mafuta hutolewa kwanza, na kinachobaki hugawanywa: fungu la chombo, ambalo ni la mwenye boti, na fungu la mabaharia. Zaidi ya hapo, boti nyingi hupakia kwa zamu. Abiria hachagui boti; huingia katika iliyo kwenye foleni.

Yaliyotokea

Mradi ulitangazwa kwa mkutano mmoja wa hadhara uliofanyika mjini Lamu saa tatu asubuhi. Siku hiyo maji yalikuwa yamekupwa, na boti za Pate zilifika mkutano ukiwa umekwisha. Waliohudhuria walikuwa wenye boti wa mjini na wa Shela, wafanyabiashara na maafisa. Masharti yaliyopitishwa yalimtaka mwombaji awe na hati za umiliki wa boti na atoe mchango wake wa fedha taslimu, hazina ijaze kiasi kikubwa kilichobaki. Kituo cha kuchajia kilijengwa mjini, kando ya bahari.

Boti zilizochaguliwa zilifungwa injini mpya na betri. Waliofunga ni mafundi walioletwa kutoka Mombasa. Injini za petroli zilizong'olewa ziliachiwa wenyewe, na hakuna aliyeandika namba zake.

Ripoti ya kwanza ya mradi ilitoka baada ya miezi michache na ilipokewa kwa furaha. Ilitaja idadi ya boti zilizobadilishwa, idadi ya abiria wanaoweza kubebwa, na lita za petroli zilizookolewa. Lita hizo zilipatikana kwa kulinganisha vipimo viwili: matumizi ya mafuta kabla ya mradi, yaliyochukuliwa Desemba na Januari, na matumizi baada ya mradi, yaliyochukuliwa Mei na Juni. Kuhusu haki ya mgao, ripoti ilikuwa na aya moja iliyosema kwamba kituo cha kuchajia kiko katika eneo lenye wakazi wa kipato cha chini, na kwa hiyo mradi umewafikia walengwa.

Mambo mawili yaliifanya hazina isite. La kwanza ni barua ya wazee wa kijiji kimoja cha Pate waliouliza, kwa adabu na bila matusi, ni kwa nini mradi unaitwa wa kaunti nzima ilhali hakuna hata ubao wake kisiwani kwao. La pili ni malalamiko ya mabaharia kwamba boti za umeme zinafanya kazi ileile, kwa pesa zilezile mfukoni mwao. Ndipo timu ilipoitwa.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuukataa ulinganisho wa Desemba na Mei. Yeyote aliyekaa Lamu anajua kwamba Desemba ni kaskazi: bahari imetulia, wageni wamejaa, boti zinakwenda Shela kutwa. Mei ni mvua na kusi, baadhi ya hoteli zimefunga, na boti hukaa zikisubiri abiria. Hata kama mradi usingekuwepo, mafuta ya Mei yangekuwa machache kuliko ya Desemba, na pungufu hilo lote liliandikwa kuwa ni faida ya injini za umeme. Kwa upande mwingine, kusi linapovuma kwa nguvu kila safari hula nguvu zaidi, kwa mafuta au kwa betri, na hilo nalo halikuhesabiwa. Timu iliamua kulinganisha boti za umeme na boti za petroli za ukubwa ule ule, katika njia ile ile, siku zile zile, na kwa maji yale yale, yaani bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) kwa bamvua na maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo) kwa maji mafu. Umeme ulisomwa kwenye mita ya kituo, si kwenye karatasi ya maelezo ya mtengenezaji.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuacha kuhesabu boti na kuhesabu safari za watu. Boti iliyofungwa injini ya umeme lakini imelala gatini kwa sababu kifaa cha kuendeshea mota kimeingia maji ya chumvi na fundi yuko Mombasa haimbebi mtu, ilhali katika ripoti ilihesabiwa sawa na boti inayovuka tangu alfajiri. Daftari la siku za kazi likaanzishwa kwa kila chombo. Kulikuwa na pendekezo la kutumia programu ya simu. Timu ililikataa kwa sababu nahodha mwenye mkono mmoja kwenye usukani hawezi kubonyeza kioo kilicholowa, na kwa sababu daftari lilikuwapo tayari. Manahodha wengi huandika safari zao ili kugawana jioni bila ugomvi, na maandishi yanayomlinda mwandishi wake ni ya kuaminika kuliko fomu aliyoletewa.

Uamuzi wa tatu ndio uliobadilisha kazi yote: kufuata shilingi iliyookolewa mpaka mfukoni inakoishia. Nahodha mmoja mtu mzima alimkalisha kijana wetu kwenye ngazi za gati, akafungua kurasa mbili za daftari lake, moja ya enzi ya petroli na moja ya sasa, akamwambia, "Haya mwanangu, wewe umesoma, nioneshe nafuu iko wapi." Hesabu ifuatayo ni mfano uliotengenezwa kwa tarakimu rahisi, si ya chombo chochote, lakini umbo lake ni lile lililokuwa katika kurasa hizo. Tuseme boti imeingiza shilingi 6,000 kwa siku na imechoma petroli ya 2,400. Hubaki 3,600, chombo hupata 1,800 na mabaharia 1,800. Boti ikawa ya umeme, kuchaji kukagharimu 600 tu. Kwa desturi ileile ingebaki 5,400, kila upande upate 2,700. Lakini mwenye boti ameongeza makato mapya yanayoitwa ya betri, 1,800 kwa siku. Kinachobaki cha kugawanywa ni 3,600 tena, mabaharia wanapata 1,800 kama zamani, na chombo kinapata 1,800 pamoja na makato yale. Nafuu yote iliyonunuliwa kwa fedha za umma imekwenda upande mmoja. Nauli ya abiria nayo haikushuka hata senti.

Uamuzi wa nne ulikuwa kuwatafuta wasiokuwemo. Kila takwimu ya mradi ilitoka kwa mtu aliyekwisha kuingia katika mradi: mwenye boti aliyekubaliwa, abiria aliyepanda, fundi aliyelipwa. Aliyekosa hana daftari kwetu. Kwa hiyo nusu ya mahojiano yalifanyika mahali ambapo mradi haukufika: vijiji vya Matondoni na Kipungani kisiwani Lamu, na ndani ya boti za Pate zikiwa njiani. Wanawake walihojiwa na wanawake, wengi wao majumbani baada ya alasiri, kwa kuwa gatini huwa na haraka na watoto na mizigo, na mwanamke hamwelezi kijana asiyemjua jinsi alivyompeleka binti yake kujifungua. Hatukuuliza kipato. Watu hawapendi kukitaja na wakikitaja hukikisia. Tuliuliza wanakotoka, wanakokwenda, kwa shughuli gani, mara ngapi kwa mwezi, na safari ipi waliiacha kwa kukosa nauli. Majina hayakuandikwa, kwa kufuata Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 na kwa kuwa Lamu ni padogo na kila mtu anamjua mwenzake.

Uamuzi wa mwisho ulikuwa kuzifuata injini za zamani. Kazi hii ilifanywa kwa maneno tu, kwa kuulizana mafundi na mabaharia, na ilichukua muda kuliko tulivyopanga.

Matokeo

Moshi ulipungua, na hilo lisemwe wazi. Katika ulinganisho wa siku kwa siku, boti za umeme zilitumia nguvu kwa gharama ndogo sana kuliko za petroli, na kila siku ambayo boti ilifanya kazi kulikuwa na lita ambazo hazikuchomwa. Abiria walisifu ukimya wake; walisema sasa mtu anaweza kuzungumza njiani bila kupiga kelele, na nguo hazinuki mafuta. Lakini jumla ya lita zilizookolewa ilikuwa chini kabisa ya ile ya ripoti ya kwanza, kwa sababu tatu zilizojumlishana: tofauti ya misimu, siku ambazo boti zililala zikisubiri fundi, na injini za zamani, ambazo nyingi ziliuzwa zikaendelea kuchoma petroli katika vyombo vingine, baadhi yavyo vikiwa vyombo vilivyokuwa vikienda kwa tanga.

Upande wa haki, picha haikuwa ya rangi moja. Wafanyakazi wa kipato cha chini wanaokwenda Shela walinufaika kwa hewa safi, lakini kwa bahati ya zamu, si kwa kupangiwa. Wenye boti wasiokuwa na akiba walishindwa sharti la mchango. Wale ambao boti yao ni ya ukoo, isiyo na hati kwa jina la mtu mmoja, walishindwa sharti la umiliki. Pate haikupata kitu. Matondoni, kijiji ambacho mafundi wake wamejenga majahazi kwa vizazi, hakikupata hata kijana mmoja wa kufundishwa kufunga injini.

Hazina iliyakubali mapendekezo mengi. Kwa awamu ya pili, mwenye boti atasalimisha injini ya zamani kabla ya kufungiwa mpya. Mgao wa nafuu baina ya chombo na mabaharia utaandikwa katika mkataba mbele ya viongozi wa chama cha wenye boti. Mchango wa fedha taslimu unaweza kulipwa kidogokidogo kutokana na mapato, na ushahidi wa wazee unatosha kwa boti ya ukoo. Vijana wa visiwani watafundishwa ukarabati. Pendekezo la kushusha nauli ya boti za umeme lilikataliwa, na nadhani lilikataliwa kwa haki: nauli ni makubaliano ya chama, na boti moja ikiwa rahisi kuliko jirani yake zamu huvunjika na ugomvi huingia gatini.

Pate ilikuwa ngumu zaidi. Timu ilipendekeza kituo cha jua kwenye moja ya bandari ndogo za kisiwa hicho, kwa kuwa kuchaji kwa umeme wa dizeli kungehamisha moshi kutoka baharini hadi nchi kavu, na betri zilizokuwapo hazikutosha kwa safari ndefu yenye kusubiri maji. Hazina ilisema gharama ni kubwa mno kwa awamu hiyo.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi vizuri kuliko vyote ni daftari la nahodha. Makato ya betri hayakuwamo katika fomu yoyote ya mradi, wala hakuna aliyeyaficha. Hakuna aliyeuliza tu. Anayepima mradi wa usafiri ana tabia ya kuanza na injini na kuishia kwenye bomba la moshi. Mabaharia walitulazimisha kuanza na jioni, wakati pesa zinapohesabiwa, na hapo ndipo haki au dhuluma inapoonekana kwa tarakimu.

Hata hivyo haitakuwa sawa kumfanya mwenye boti adui. Betri huzeeka, na kuinunua upya ni gharama ambayo mradi haukuiweka popote katika bajeti yake. Mwenye boti aliyeanza kukata fedha ya betri aliliona shimo ambalo wahandisi waliliruka. Kosa lilikuwa kwamba makato yake hayakuwa na kiwango, hayakuwa na akaunti, na hakuna aliyejua kama yanawekwa au yanaliwa. Mkataba wa awamu ya pili unayaruhusu makato hayo, unayawekea ukomo, na unataka yawekwe katika akaunti ambayo nahodha ana haki ya kuiona.

Hoja ya kwamba kituo kiko katika mtaa wa watu wa kipato cha chini inastahili kukaliwa kidogo, maana hutumika kila mahali. Jimbo la California nchini Marekani lilikumbana nayo mapema. Sheria yake ya mwaka 2012 ilitaka angalau asilimia 25 ya fedha za mfuko wa kupunguza hewa chafu ziende kwenye miradi inayozinufaisha jamii zilizolemewa na uchafuzi na umaskini, na asilimia 10 zitumike ndani ya maeneo ya jamii hizo. Sheria ya mwaka 2016 ikabadilisha mizani hiyo na kutaka asilimia 25 iwe ndani ya maeneo yenyewe. Yaani watunga sheria walijua kwamba kuwa mahali fulani na kuwanufaisha watu wa hapo ni vipimo viwili, na kila kimoja kinaweza kutimia bila kingine. Kituo chetu kilikuwa mtaani. Waliochomeka waya walitoka nje ya mtaa. Jimbo hilohilo lina mpango wa kuwasaidia watu wa kipato cha chini kupata magari safi ambao humtaka mpokeaji alitoe gari lake kuukuu liharibiwe, na sharti hilo moja lingezuia injini zetu za petroli kuzaliwa upya.

Kwetu hakuna haja ya kuazima msingi wa hoja. Kifungu cha 201 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinataka matumizi ya fedha za umma yakuze maendeleo yenye usawa, pamoja na kuyawekea masharti mahususi makundi na maeneo yaliyotengwa, na kinataka uwazi na ushirikishwaji wa umma. Mkutano mmoja saa tatu asubuhi maji yakiwa yamekupwa unatimiza karatasi ya mahudhurio tu. Wazee wa Pate walikuwa na haki, kwa Kifungu cha 35, ya kudai taarifa za mgao, na barua yao ilikuwa kipimo bora cha haki kuliko aya yote ya ripoti.

Kilichoshindikana katika tathmini yenyewe ni injini za zamani. Bila namba zilizoandikwa tangu mwanzo, tulijua kwamba nyingi ziliuzwa lakini hatukuweza kuzifuata zote, na kwa hiyo idadi ya lita zilizorudi kuchomwa ilibaki makisio ya chini. Kilichoshindikana pia ni kupima safari zilizoachwa. Mama aliyetuambia kwamba hakumrudisha mtoto kliniki kwa kukosa nauli kutoka Siyu ni ushahidi mzito, lakini tulimkuta kwa sababu tulikwenda mlangoni kwake, na hatukuwa na vipimo vya kabla ya mradi vya kumweka mbele yavyo. Jambo hili haliwezi kutengenezwa mwishoni. Wasiofikiwa wanapaswa kuhesabiwa siku ile boti zinapochaguliwa.

Kuhusu Pate, sikubaliani na namna uamuzi ulivyoandikwa, ingawa naielewa sababu ya gharama. Kuna tofauti kati ya kusema kwamba teknolojia hii bado haiifai njia ya Mkanda na kuendelea kuuita mradi wa kaunti nzima. Kama boti ya umeme haiwezi kufika Faza leo, bado fedha za usafiri safi zingeweza kuwafikia watu wake kwa injini za petroli zinazotumia mafuta kidogo, kwa gati linalomwezesha mjamzito kupanda bila kubebwa, au kwa kuanza kupima safari zao ili awamu ya tatu isianze tena kwa kubahatisha. Pendekezo hilo la mwisho ni la gharama ndogo kuliko yote. Limeandikwa katika kumbukumbu za kikao kuwa litaangaliwa, na mpaka uchambuzi huu unaandikwa, boti za Pate hazijapelekewa daftari wala msomaji wa mita.